Milango Itazame Barabarani

Chumba cha Nyuma,
Kwa Fundi Seremala.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi liwe limekuachia. Bado kazini wanakusimamisha kutwa? Sisi hatujambo. Kadogo ameota jino la sita na anauma kila kitu, hata bega langu. Baba yake naye mzima, ila kachoka, na uchovu wake una habari yake.

Shangazi, kontena limefika! Limekaa! Nakuandikia nikiwa humo humo ndani, nimekalia ndoo, daftari liko juu ya cherehani. Nisamehe mwandiko, cherehani si meza.

Uliponitumia hela ya kulinunua nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe kununua ni posa tu, harusi bado! Kontena lilikuwa yadini, upande wa pili wa mji, na kila siku linayolala pale ina malipo yake. Mwalimu mkuu naye alishanipa neno: sare mia mbili za muhula mpya nitashona mimi, ila kabla ya mwezi kuisha niwe na chumba chenye mlango wa kufungwa kwa kufuli. Hawezi kuacha majora ya kitambaa cha shule barazani ninakoshonea, kuku wanapita juu. Sikumlaumu. Nikikosa, kazi inakwenda kwa fundi mwingine, nami narudi kwenye viraka na zipu.

Kuna dalali wa malori tunamwita Bila Wasiwasi, maana ndilo neno lake. Alinitajia laki mbili kulihamisha, nikashangilia. Halafu nikakumbuka ulivyonifundisha siku unaniachia cherehani, kwamba nguo si kitambaa peke yake, kuna uzi, vifungo na bitana. Nikamrudia.

"Kaka, hiyo laki mbili ni pamoja na kulipakia?"

"Aa, kupakia unawalipa watu wa yadi."

"Na kibali cha kulipitisha barabarani?"

"Hicho utakiona manispaa."

"Na kulishusha je?"

Akakuna kichwa. "Mama Kadogo, una maswali kama polisi. Bila wasiwasi!"

Nikamwambia mwenye wasiwasi ni mimi, kwa hiyo ajibu. Alipomaliza kujibu, daftari lilisoma karibu laki sita. Mimi nilikuwa na nne na vichele. Nililia kidogo, sikufichi, kisha nikanawa uso.

Kilichokula sana ni kreni ya kulishushia hapa kwetu. Fundi seremala, huyu tunayepanga kwake, ndiye aliyenieleza kuna lori ambalo mgongo wake huinuka kama wa tipa la mchanga. Linaingia kinyumenyume, linainua mgongo, kontena linateleza polepole mpaka chini, lori linajiondokea. Kreni ikafutwa daftarini! Kusawazisha kiwanja nako tukafuta vibarua, Baba Kadogo na mdogo wake wakashika majembe siku tatu. Ndio huo uchovu. Matofali ya kulikalisha nilipewa na fundi seremala, nikamlipa kwa kumshonea ovaroli mbili. Hesabu ikakubali, lakini kwa kubana pumzi. Kilichobaki kisingelipia kosa hata moja.

Na kukosea tulikuwa tumeshakosea, hatujui tu. Kiwanja chenyewe ni chembamba kama ala ya kisu, kuta kushoto, kulia na nyuma. Baba Kadogo alipima upana mara nne. Fundi alipima urefu wa waya za umeme. Siku moja kabla ya safari nikachukua boksi la nyuzi, nikachora milango kwa chaki ya kushonea, nikalisukuma kinyumenyume katikati ya malapa mawili, kucheza tu na mtoto. Shangazi, hebu sikia! Milango ilitazama ukuta wa nyuma. Kontena hupakiwa milango ikiwa mkiani mwa lori, na lori lingeingia mkia kwanza. Tungeingilia wapi, paani? Ni lile kosa langu la blauzi yenye mikono miwili ya kushoto, unalikumbuka? Tofauti ni kwamba blauzi hufumuliwa.

Ijumaa nikaenda yadini mwenyewe, Kadogo mgongoni. Nafika, kreni imeshalinyanyua liko hewani. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikapunga. "Geuza! Milango ije kwa dereva!"

Dereva wa lori akacheka mpaka akashika tairi. "Dada, kontena halina uso. Hapa hatushoni sketi."

"Sketi nikikosea nafumua. Hili utalifumua wewe, kaka?"

Wapakiaji wakapiga kelele, "Kapatikana! Jibu, dereva!" Akaniuliza kiwanja kikoje. Nikamchorea mchangani kwa kidole. Akainama, akaangalia, kisha yeye mwenyewe akampigia wa kreni mluzi: ligeuze. Likazunguka juu ya vichwa vyetu, kubwa hivyo, jepesi kama mlango wa kabati. Na kwa kuwa lilikuwa limeshanyanyuliwa, hatukudaiwa zaidi.

Hapa nyumbani mtaa mzima ulitoka. Liliteleza likakaa juu ya matofali, milango yake ikitazama barabarani. Dereva akazunguka kulikagua, akamwambia Baba Kadogo, "Mzee, mkeo akitafuta kazi yadini, usimzuie." Baba Kadogo akajibu kwamba yeye hanizuii jambo tangu siku ya ndoa, amejifunza. Shangazi, hapo nilicheka na kulia kwa pamoja.

Jana alikuja mwalimu mkuu. Alifunga milango, akatia kufuli kwa mkono wake, akaivuta mara tatu kwa nguvu zote, akanirudishia ufunguo. Halafu akageukia gari lake akaita, "Shusheni!" Majora kumi na mawili, Shangazi, ya bluu, yamesimama nyuma yangu kama askari.

Zilibaki elfu nane, ndizo zilizonunua stempu ya barua hii. Kesho asubuhi nakata sketi ya kwanza.

Baba Kadogo anakuamkia, mama mkwe anasema usisahau kula, na fundi seremala, aliyevaa ovaroli yake mpya, anakusalimu bila kukujua. Kadogo amekuwekea alama ya meno pale pembeni mwa karatasi.

Mungu akulinde huko uliko, na mkono ulionisaidia usikose kitu kamwe.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mama Kadogo, fundi mwenye mlango.