Kikapu cha Mzee Karisa

Mjukuu wangu Rukia,

Hapa Mji wa Kale hatujambo, na mamako amepona kikohozi. Lakini barua yako imenikasirisha. Wataka kujitoa katika shamba mliloahidi kuchukua mavuno yake mwaka mzima, eti kikapu cha wiki hii kimekuja na mchicha peke yake. Mvua haikunyesha. Huyo mkulima achume nyanya wapi?

Nilipokuwa msichana, Mzee Karisa alituletea mboga kila Ijumaa kutoka shambani kwake Kisauni. Ukame ulipoingia alikuja na kikapu kitupu, akasimama mlangoni kwa haya. Mamangu alikijaza mahamri, akamwambia, "Ijumaa njoo, hata kama huna kitu."

Wewe umeletewa mchicha, umenuna. Upike. Na kikapu cha watu usikirudishe kitupu.

Nyanyako,
Zuhura