Siku Mjomba Alipofuta Ombi Lake

Nyumba ileile, nyuma ya kituo cha zimamoto,
Jumapili mchana, mvua inanyesha.

Mpendwa mdogo wangu Kitumbo,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mimi dada yako, ambaye simu yake umeikata mara mbili. Barua haikatwi, ndiyo maana nakuandikia. Kaa chini uisome mpaka mwisho, halafu ukitaka kuendelea kununa, nuna.

Hujambo lakini? Kifua kimeacha kukusumbua na hiyo baridi ya huko? Na wifi yangu je, na wanangu? Sisi huku wazima. Mimi kiuno ndicho kinaniuma nikikaa sana, na kazi yangu unaijua, ni ya kukaa. Shemeji yako naye mzima, ila amenyoa ndevu zote, na sasa naishi na mwanamume nisiyemjua. Mvua imetushika tangu jana, nguo hazikauki.

Haya, tuje kwenye lililokufanya ukate simu. Ulisema nimemtupa Mjomba. Ukasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwamba cheo kimenipanda kichwani. Nilitaka kukujibu, nikabaki nasikia tu mlio wa simu. Sasa nisikilize.

Unajua barabara ya kwenye mteremko inapanuliwa. Mafundi wote waliokuwa kando yake wamepigiwa alama nyekundu waondoke, na turubai la Mjomba limo. Jiji limejenga mabanda ya mafundi nyuma ya ghala lake, ila mabanda ni machache kuliko mafundi. Anayekosa hana pa kufanyia kazi. Na Mjomba wetu, mtu ambaye mtaa mzima unamwita Sponji kwa jinsi alivyoshona makochi tangu ujana, ukimnyang'anya nyundo atakuwa mgonjwa kabla mwezi haujaisha. Sasa kamati inayogawa hayo mabanda, mmoja wa wajumbe wake ni dada yako. Hapo ndipo penye mwiba.

Zamani lingekuwa jambo jepesi. Mjumbe anamkonyeza mwenzake, mwenzake anakohoa, shauri limekwisha. Lakini mwaka huu jiji limetoa kanuni mpya za maadili kwa watumishi wote, kuanzia meya mpaka anayefagia ngazi, na tumeketishwa ukumbini tukasomewa mpaka mwisho. Mtu mwenye shauri mbele yako, zawadi yake huipokei, hata iwe soda. Ndugu yako akiwa na shauri kwenye kikao chako, unasimama, unawaambia wenzako huyo ni nani kwako, halafu unatoka nje na mlango unafungwa mpaka waamue. Na huko nje ni marufuku kumsemea kwa mtu yeyote. Anayesimamia yote haya ni ofisa maadili, dada mmoja mwembamba aliyenyooka kuanzia mgongo mpaka maneno, na sisi tumempachika jina la Rula. Analijua, wala hajali.

Nilimwambia Mjomba mapema kwamba safari hii sitaweza kumsemea. Alicheka mpaka akakohoa. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema, "na zimwi langu mimi nimelilea mwenyewe." Nikadhani ameelewa. Wapi! Wiki iliyofuata naingia ofisini, nakuta kiti.

Kitumbo, usifanye mchezo na kile kiti. Kitambaa cha bluu, sponji ya kuzama, mgongo wake umepindwa kufuata kiuno changu hasa. Mzee alisikia kiuno kinaniuma, akakesha na mbao zake. Nilikikalia, sikufichi, nikafumba macho kwa raha. Nilipoyafumbua, Rula amesimama mlangoni. Hakufoka. Aliuliza tu, "Aliyekitengeneza ana ombi kwenye kamati?" Kikarudi siku ileile juu ya mkokoteni, kimefungwa kamba, mtaa mzima unatazama.

Hilo ndilo Mjomba alilokusimulia, na sikulaumu kwa kumwonea uchungu. Kurudishiwa zawadi mbele ya majirani ni aibu kubwa. Ningemfuata kwanza mwenyewe nimweleze, lakini niliogopa macho yake, nikamwachia mwenye mkokoteni. Tangu siku hiyo akaacha kuja kwangu. Nikimpa shikamoo njiani ananijibu, "Marahaba, ofisa." Ofisa! Mimi, ambaye yeye mwenyewe alinisuka nywele kabla ya shule baada ya mama kututoka, akanisuka vibaya na darasa zima likanicheka. Nililia chooni kazini kwa ajili ya neno hilo moja. Halafu ukaja wewe kutonesha kidonda.

Basi siku ya kikao ikafika. Wenye maombi wanasubiri kwenye korido, kwenye benchi refu karibu na mlango. Mjomba alikuwa mwisho wa benchi, amevaa koti lake la harusini, harusi za watu wote. Nikampa shikamoo. "Marahaba, ofisa." Nikaingia ndani.

Karani aliposoma jina lake, nikasimama. Nikasema nililotakiwa kusema, nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu. Benchi lote limejaa, nafasi ipo moja tu, ubavuni mwa Mjomba. Nikakaa. Machozi yalikuwa karibu, nikawa natazama sakafu.

Akanigeukia. "Mbona umetoka?"

"Siruhusiwi kusema, Mjomba."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kanuni haikunikataza kumwambia kwa nini nimetoka, ilinikataza kumsemea tu. Lakini nilikuwa nimejaa woga wa kanuni mpaka nikajifanya bubu. Sasa jiweke mahali pa yule mzee. Anamwona mtoto wake ametoka ghafla, mkoba mkononi, macho mekundu, mdomo umefungwa, na jina lililosomwa kabla ya hapo ni lake yeye. Akanitazama, akautazama mlango. Kabla sijamshika koti, ameshausukuma.

"Nani amemfukuza mtoto wangu?"

Kitumbo, sijawahi kumsikia Mjomba akipaza sauti vile. Akawaambia wajumbe kama kosa ni banda, basi wakae na banda lao, yeye alishona makochi juani kabla baadhi yao hawajazaliwa na ataendelea kushona juani. "Ombi langu nalifuta. Mrudisheni mtoto wangu ndani."

Mwenyekiti wetu ni mzee mpole, mtu wa kufuata mambo yalivyo. "Mzee wangu, unafuta ombi lako?"

"Nalifuta!"

"Una hakika?"

"Unataka niape?"

Na kwetu, ombi likifutwa limefutwa, hakuna kurudi nyuma. Mimi nimesimama kizingitini, kalamu ya karani naiona inashuka. Neno moja tu lilihitajika, nalo nilikuwa nalo mdomoni. Nikilitoa, nimemsemea ndugu yangu mbele ya kamati, na ombi lake linaweza kutupwa kwa kosa langu. Nikilimeza, mzee anapoteza kazi yake kwa sababu yangu. Wewe uliyesema nimemtupa, ungekuwapo uone. Nilijiuma mdomo mpaka nikasikia damu.

Aliyetuokoa ni Rula, aliyekuwa amekaa pembeni kusimamia kikao. Aliinua mkono wake ule ulionyooka, akasema, "Mwenyekiti, mzee huyu anafuta ombi kwa jambo ambalo halikutokea. Aelezwe kwanza, ndipo aulizwe tena." Akainuka, akamsogezea Mjomba kiti, akamweleza taratibu kama anayemweleza baba yake. Kwamba sikufukuzwa. Kwamba nimetoka kwa sababu yeye ni ndugu yangu, na angekuwa ndugu wa mwenyekiti, mwenyekiti ndiye angekuwa kwenye benchi.

Mjomba akafikiri. "Kwa hiyo kazi yake ipo?"

"Ipo."

"Mkinipa banda, ipo. Mkininyima?"

"Ipo, mzee."

"Aa." Akavuta koti lake likae vizuri. "Basi futeni hilo la kufuta."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata karani. Rula alitabasamu, na mimi sikujua kama ana meno. Mjomba akatoka akakaa tena kwenye benchi, mlango ukafungwa, tukangoja.

Banda hakupata. Nakwambia wazi usije ukasikia kwa wengine ukadhani ninaficha. Yaliyobaki walipewa mafundi waliobomolewa kabla yake, watu waliokaa mvuani muda mrefu kumshinda, na hata yeye alipoelezwa alisema ni haki yao. Atafikiriwa tena mabanda ya pili yakikamilika, na siku hiyo pia nitatoka nje. Kwa sasa amehamishia kazi uani kwake. Mke wake anapiga kelele kutwa kwamba vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye chumvi, ila wateja wanafika, na nyundo inasikika.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye. Nilimwomba radhi kwa habari ya mkokoteni, akasema yaliyopita si ndwele. Tukaenda mpaka karibu na duka la dawa. Hapo akaniuliza, kama mtu asiyejali sana jibu, "Kabla hujatoka mle ndani, uliwaambiaje?"

"Niliwaambia wewe ni mjomba wangu."

"Basi?"

Nikamwambia yote. Kwamba nilisimama nikasema mama alipotutoka, huyu ndiye aliyetuchukua, mimi na mdogo wangu, akatulea. Na kwamba mbele ya shauri lake mimi siwezi kuamua kwa haki, kwa sababu nampenda.

Alisimama palepale, watu wanatupita. "Ulisema hivyo? Mbele ya wakubwa wote wale?"

"Na karani akaandika."

Alitoa leso akajifuta uso wote, akasingizia jua, na jua halikuwapo. Kisha akasema, "Sijawahi kuambiwa hivyo mimi."

Nimerudi nayo nyumbani maneno yale, Kitumbo, na usingizi sipati vizuri. Umri wote ule, makochi yote yale, na watoto wawili aliowalea, hakuna aliyewahi kumwambia. Si mimi wala si wewe. Mimi ilibidi kanuni za jiji zinisimamishe mbele ya kikao ndipo mdomo wangu ufunguke. Wewe huko huna kanuni wala kikao. Mwambie tu.

Nisalimie wifi yangu, mwambie gauni alilotuma limenitosha mabegani na limenikataa kiunoni. Wabusu wanangu, hasa yule mdogo mwenye maswali. Shemeji yako asiye na ndevu anakusalimu, na mke wa mjomba anakusalimu akiwa amejifunga kitambaa puani kwa vumbi. Mungu akulinde huko uliko, akupe kifua kizima, na akurudishe kwetu tukiwa wote bado tupo.

Ni mimi nikupendaye, hata ukinuna,
Dada yako wa tumbo moja.