Kata ya Maji Mchana wa Ramadhani

Safaa, leo nimemfedhehesha mume wangu mbele ya mama yake.

Nimemkuta jikoni baada ya adhuhuri, kata mdomoni, anakunywa maji. Ramadhani hii, Safaa. Anakunywa.

Mwenyewe nilikuwa namshuku tangu mfungo uanze. Daku anamaliza jagi zima peke yake, na kutwa haishi kwenda chooni. Nikasema huyu ana lake.

Nikamwita Bi Mwanawema aje amwone mwanawe. "Suhail hafungi," nikamwambia.

Mama mkwe hakumgombeza. Alimtazama kikoi kinavyompwaya, akamuuliza, "Kiu hii tangu lini? Na macho, unaona vizuri?"

Suhail akasema anaona ukungu.

Bi Mwanawema akakaa chini. "Marehemu baba yako alianza hivi hivi."

Sasa tupo kituo cha afya. Wamemtoboa kidole, sukari ishirini na mbili. Daktari kamkataza kufunga, na tunasubiri gari ya kumpeleka hospitali.

Suhail kaniuliza jambo moja tu: "Hukuona navyokonda?"

Nimemjibu sikuona.

Niliona, Safaa. Nilidhani kuna mwanamke anayemkondesha.