Aoneshe Kwamba Yu Hai

Groningen,
Jumapili alasiri, Februari

Mdogo wangu Jelmer,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo, na kama ulipo ni pabaya, basi zikufikie haraka zaidi. Mimi ni mzima. Mama yetu, Mem, naye ni mzima, ukiacha lile goti la kushoto na moyo wake, ambao daktari anasema hauna tatizo lolote. Hofu yetu ni juu yako. Watu huyaandika maneno haya mwanzoni mwa barua kwa mazoea tu, lakini mimi nimeyaandika kisha nikaweka kalamu chini, kwa kuwa sijawahi kuyasema nikiyamaanisha namna hii. U hali gani? Wala sikuulizi kwa adabu. Nauliza kwa sababu nataka kujua.

Huu ni mwaka wa sita tangu baiskeli yako ikutwe imeegemezwa kwenye uzio chini ya tuta la bahari kule Holwerd. Maji yalijaa, yakapwa, yakajaa tena, na wewe hukuonekana. Barua hii nimeipitisha kwa mtu nitakayemtaja mwishoni. Usiruke ukaenda kusoma huko kwanza. Nakujua.

Hukuwapo, kwa hiyo hujui yaliyosemwa. Polisi walisema maji yamekuchukua. Mem akasema mtu anayekwenda kufa hafungi baiskeli yake kwa kufuli, na yako ilikuwa imefungwa. Jirani Hoekstra akamjibu kwamba sisi Wafrisia tunafunga baiskeli hata siku ya kiyama. Watu walicheka pale pale jikoni, Mungu atusamehe, hata mimi nilicheka. Mem hakucheka. Tangu siku ile amekuwa akilishikilia lile kufuli. Ukimwambia lolote kuhusu wewe, anakujibu kwa kufuli.

Sikulaumu kwa ule mwaka wa ng'ombe. Nilikuwapo walipopakiwa lorini kwenda kuuawa, wagonjwa kwa wazima, nikakuona ukifagia zizi lililokwisha kuwa tupu, ukalifagia tena na tena. Wote tulikuona. Tulidhani kufagia ni dalili njema.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Msimu wa majani kupukutika, Hiske alikuja kunitembelea kwenye maktaba yetu ya sheria. Kazi yangu unaijua, ingawa ulizoea kuicheka ukisema nalipwa mshahara kutafuta vitu ambavyo wenzangu wameshaviweka mahali pake. Nilimpa kahawa na biskuti moja, nikafunika kopo la biskuti kama tulivyofundwa. Akanieleza kwamba Rients, yule mwalimu wa hesabu wa Dokkum, amemwomba amuoe, na kwamba yeye amekubali, ila hawezi, kwa sababu kisheria bado ni mkeo. Wakili wake ni kijana na anaogopa kukosea. Basi akaja kwangu nimtafutie sheria inasemaje na mahakama zimeamuaje, kwa sababu, alisema, wifi hukosei.

Nilikasirika, Jelmer. Nilimwambia anataka nimzike ndugu yangu kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa makaratasi. Hakupandisha sauti. Alisema, wifi, mimi ni mjane asiye na maiti. Mume sina, kaburi sina, hata nguo nyeusi sina haki ya kuzivaa, watu watasema namchuria. Akaila ile biskuti yake polepole huku machozi yakimtoka. Mgala muue na haki yake mpe. Nikamwambia nitatafuta.

Nikatafuta kama ninavyomtafutia mtu yeyote. Kwanza sheria yenyewe, halafu maelezo ambayo waziri aliyatoa Bungeni ilipotungwa, halafu hukumu. Sheria inasema kwamba mtu asipojulikana kama yu hai au amekufa, na miaka mitano ikapita bila habari yake, jamaa zake waweza kwenda mahakamani. Mahakama haisemi papo hapo kwamba amekufa. Kwanza inamwita. Tangazo linawekwa kwenye gazeti la serikali, lile ambalo hata mawakili hulisoma kwa kulazimishwa, na maneno yake ni haya: fulani anaitwa, aoneshe kwamba yu hai. Asipoitika ndipo anapohesabiwa kuwa amekufa, na mkewe anakuwa huru. Asiyekuwapo na lake halipo.

Niliyasoma maneno yale nikainuka kwenda dirishani. Miaka yote hii nimeiona sheria kavu kama mkate wa juzi, kumbe nayo inaandika barua kama sisi. Inauliza, u hali gani? Kisha inasubiri.

Yaliyofuata ni kosa la ulimi wangu, na yananiuma mpaka leo. Katika kazi yetu, hukumu ikishachapishwa inakuwa na kitambulisho chake: mahakama gani, mwaka gani, namba gani. Kitambulisho hicho tunakiita *vindplaats*, yaani mahali kitu kilipopatikana. Sisi wa maktaba tunalitamka neno hilo mchana kutwa, kama muuza samaki anavyotamka samaki. Nilikuwa nimepata hukumu ya mahakama ya Assen iliyofanana kabisa na shauri la Hiske, nikapiga simu kwa Mem, kwa kuwa siku hiyo Hiske alikuwa amekwenda kumsafishia madirisha. Akapokea Mem mwenyewe. Unajua tulivyolelewa, mama hatumwiti "wewe", tunamsemesha usoni kana kwamba yuko chumba kingine. Nikasema haraka haraka, Mem amwambie Hiske kwamba nimepata *vindplaats*.

Mem akauliza, majini au nchi kavu?

Sikuelewa. Nikadhani simu inakwaruza. Nikamwambia, Assen, Mem. Akasema, Assen? Alifikaje Assen? Kisha akakata simu.

Nilibaki nimeshika simu, ndipo ikanijia kwamba kwa watu wengine wote wa nchi hii neno hilo ni la polisi. Ni la kwenye taarifa ya habari, mahali maiti ilipookotwa. Nilipiga tena, haikupokewa. Nikapanda treni, kisha basi, na njia nzima nilikuwa nikijitukana kwa sauti, mpaka mama mmoja akahama kiti.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mlangoni, amevaa lile koti jeusi alilovaa siku tulipomzika baba, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Mkoba mapajani. Hiske alikuwa amepiga magoti mbele yake akimbembeleza avue, asubiri kwanza, na Mem anasema gari linakuja kumpeleka Assen. Nikamweleza. Nikasema neno lile kwetu ni karatasi tu, hakuna aliyepatikana, Mem anisamehe. Akasema, kwa hiyo ni karatasi. Nikasema ndiyo. Nikamchukua mkoba ili aweze kuinuka, ukafunguka, na ndani mlikuwa na soksi zako za sufu, zile za kijivu. Alisema miguu yako haikuvumilia baridi tangu utotoni, na hao watu wa Assen wasingefikiria kukuvisha soksi.

Hapo Mem akalia. Hakuwa amelia tangu Holwerd, Jelmer, na sasa alilia mbele yetu bila kujificha. Alipotulia akatuambia neno ambalo sikulitegemea. Alisema saa ile aliyokaa na koti ndiyo saa pekee aliyopumzika miaka yote hii. Akamshika Hiske mkono akamwambia aendelee na shauri lake, hatampinga tena. Kufuli hakulitaja. Koti akalitundika kwenye ndoano ya mlangoni badala ya kabatini, akasema hana haja ya kulirudisha ndani.

Nikarudi kazini nimalize nilichoanza. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, kujua majaji wanakubali nini kuwa ishara ya uhai, hasa kwa watu waliodhaniwa kuchukuliwa na maji au barafu. Nikawa nafungua kila hukumu yenye maneno hayo, hata zisizohusika. Ndivyo nilivyoangukia kesi moja ya mashariki, karibu na mpaka wa Ujerumani. Ni kesi ya farasi. Mkulima kamwazima jirani yake farasi, farasi akatumbukia kwenye bwawa lililoganda akafa, na wanagombana kosa ni la nani. Haikuwa na lolote la kumsaidia Hiske. Nilikuwa naifunga.

Unajua, au labda hujui, kwamba hukumu zikitolewa hadharani majina ya watu hufutwa. Anabaki mdai, anabaki shahidi, na mahali panaandikwa tu "mahali". Shahidi wa kesi ile alikuwa kibarua anayelala katika kibanda cha magurudumu nyuma ya zizi la yule mkulima. Alimwambia jaji kwamba alimkanya yule jirani asubuhi ile asimpitishe farasi pale, kwa kuwa ile ilikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, barafu ya shangazi. Baada ya shangazi pana mabano, na ndani ya mabano, "jina". Karani kamfuta! Maskini alidhani kuna shangazi wa kweli anayepaswa kulindwa.

Nilicheka peke yangu katikati ya maktaba. Kisha nikairudia sentensi ile tangu mwanzo. Nani mwingine katika nchi hii ana barafu ya shangazi? Tangu siku ile shangazi Baukje alipozama hadi kifuani, na unene wake wote, mbele ya mchungaji na kwaya nzima, nyumbani kwetu barafu nyembamba iliyofunikwa theluji haijawahi kuwa na jina jingine. Na hukumu ile, Jelmer, ni ya mwaka jana.

Jina lako wamelifuta, na la kijiji. Lakini majina ya mawakili hayafutwi. Kwa hiyo barua hii nimemtumia wakili wa yule mkulima, nikamwomba amfikishie shahidi wa kesi ya farasi, bila kumuuliza lolote.

Sasa sikiliza ungamo langu. Sijamwambia mtu. Si Hiske, si Mem. Siku ya kwanza nilidhamiria kunyamaza kabisa, nikufukie tena kwenye makabati, Hiske aolewe, Mem apumzike. Sikuweza. Shauri linasikilizwa Aprili, na jaji atatuuliza sisi jamaa kama tumepata habari yoyote kwamba u hai. Maisha yangu yote sijasema kitu kisicho na rejea, na hiki kinayo. Nitamtajia mahakama, mwaka na namba. Naomba asisikie kutoka kwangu kwanza.

Kwa Mem sijasema kwa sababu naweza kuwa nimekosea, na siwezi kumvalisha lile koti mara ya pili kwa neno langu. Wewe ndiye unayeweza.

Hakuna atakayekuja kukuburuta. Hakuna sheria inayomrudisha mtu mzima nyumbani asikotaka, hilo nimelitafuta pia. Hiske, kama u hai, atapata talaka yake, na Rients ni mtu mwema wa kungoja. Hakuna mtu anayehitaji ufe. Ng'ombe hatutawazungumza. Ukitaka kukaa na farasi wa watu, kaa.

Hiske na Rients hawajakutumia salamu kwa kuwa hawajui kama kuna wa kumtumia. Nawasalimia wote wanaokula nawe meza moja huko, na mkulima wako mpe pole ya farasi. Mimi usiniandikie kurasa. Neno moja linanitosha, lile lile la mwanzo wa barua yoyote: mzima.

Lakini kwa Mem piga simu. Namba ni ile ile, hakukubali ibadilishwe. Koti bado liko kwenye ndoano ya mlangoni, na soksi zako zimo mkobani, hajazitoa. Mwambie wewe mwenyewe alivae aende wapi.

Wako anayekungoja,
dada yako,
Wytske