Maneno Matatu ya Bwana Majongoo

Mambrui, Jumatano. Mfungo Tano, 1986.

Mvua ya vuli imenyunyiza tangu alfajiri, si ya kulowesha nguo kambani wala si ya kuziacha zikauke. Moyo wangu nao leo ni vivyo hivyo.

Mwalimu wetu wa ngumbaru alituambia tuandike kila siku, tusije tukazisahau herufi tulizozipata kwa taabu. Hakusema tuandike nini. Basi mimi naandika ninachokiogopa, maana ndicho kinachonijia upesi.

Namshuku mwanangu.

Nimeliandika, na sasa nikilitazama naona lilivyo baya. Rukia ndiye mtoto wangu pekee. Tangu baba yake afariki, nyumba hii ina yeye, mimi na paka. Lakini mama akishamwona mwanawe anacheka peke yake, hata paka humtilia shaka.

Yote yalianza na Bwana Majongoo. Jina lake la Kichina hakuna aliyeliweza hapa mtaani, tukampa hilo. Alikuja kutoka Mombasa, akakodi banda kule pwani, anawanunua majongoo wa bahari kwa wazamiaji. Huwatumbua, huwachemsha kwenye pipa, huwaanika wakawa wakavu kama ngozi ya kiatu, kisha huwapeleka kwao wakaliwe. Sisi hatuwali. Kuku wangu mwenyewe huwapita. Rukia kaajiriwa pale kuchagua wakubwa na wadogo, na kuwasemeza wazamiaji, kwa kuwa Kiswahili cha yule bwana hakijatimia na mwanangu ana kichwa chepesi cha kushika lugha.

Chepesi mno.

Akirudi nyumbani ananuka moshi na chumvi, na midomo inamcheza. Siku moja amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, anajisemea maneno ya Kichina kama mtu anayevuta uradi, mara akacheka. Nikamwangalia. Msichana anayecheka na nazi ana jambo.

Sikumuuliza. Nilifanya ujanja wa kimama. Nikamwambia, "Mwanangu, nifundishe na mimi maneno mawili matatu, nipate kumzungumzisha mgeni. Si adabu apite hapa kila siku nimkodolee macho kama mwizi."

Alifurahi, masikini! Akanikumbatia kwa mikono yake ya nazi. Hakujua kuwa sikutaka kuzungumza na mtu. Nilitaka kusikia.

Neno la kwanza nimeliandika kama linavyoingia sikioni mwangu: chi-le-ma. Maana yake, umekula? Aliponiambia hivyo nikaweka mwiko chini.

Maana yule bwana kila adhuhuri hupita mlangoni kwangu, anasimama, anainamisha kichwa na kusema kwa Kiswahili chake, "Mama, kula tayari?" Na kwetu mtu mzima akisimama mlangoni saa ya chakula akataja kula, utamwachaje aende? Nikampakulia wali na mchuzi wa papa. Kesho yake, "Mama, kula tayari?" Nikampakulia tena. Nikajiambia, ala, huyu anapima upishi wa mkwe.

Rukia alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, ile ni salamu tu! Kwao ndiyo hujambo. Unamjibu nimekula, naye anakwenda zake."

Kumbe nimemlisha wiki nzima mtu aliyekuwa akinisalimu. Na yeye naye, asema Rukia, aliona haya kukataa. Alidhani ndiyo mila ya Mambrui, ukimsalimu mwanamke anakulisha kwa nguvu.

Nilicheka pia. Lakini usiku ule sikuacha kufikiri. Mtu anayekula chakula asichokitaka ili asimuudhi mama wa msichana, huyo ni mtu wa namna gani?

Neno la pili ni man-zo. Nenda polepole. Rukia alinionya nisilitumie ovyo. Husemwa na anayebaki, humwambia anayeondoka, kama sisi tunavyomsindikiza mgeni hadi kizingitini. Anayeondoka halisemi.

La tatu sikuliweza kulitamka, ni refu, ulimi wangu uliteleza mara mbili nikaacha. Ni methali yao. Unywapo maji, usimsahau aliyechimba kisima. Methali nzuri. Ila nilimuuliza, "Na kwako wewe, aliyechimba kisima ni nani? Ni huyo anayekupa mshahara?" Akanitazama, akasema, "Mama nawe!" Akaondoka kwenda kuteka maji.



Jirani yangu Bi Tima ndiye mwenye kunimwagia chumvi kidondani. Juzi kaja kuomba ndimu, hakuondoka mpaka aliposema lake. "Mama Rukia, endelea tu kupika. Wachina wa kale walipita hapa wakatuachia zile bakuli za kauri zilizopachikwa kwenye lile kaburi la mnara. Huyu wako atakuachia nini? Mjukuu?"

Nikamwambia, "Tima, ndimu nimekupa, sasa ipeleke kwenye mchuzi wako." Alikwenda anacheka. Lakini neno lake lilibaki limekaa ukumbini kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.

Na jana nilipokunja shuka la Rukia nikakuta picha chini ya mto. Nne, sawasawa zote. Mimi najua picha za studio ya Malindi. Unasimama mbele ya pazia lenye maua, mkono umeuweka kiunoni, saa ionekane hata kama umeiazima. Hizi hazina pazia, hazina mkono. Uso tu, hautabasamu. Picha kama hizo huwa za safari. Jirani mmoja alipiga kama hizo akaenda Uarabuni, na mama yake mpaka leo husomewa barua na watu.

Nikazirudisha pale pale. Nikalikunja shuka upya.

Basi leo nimejitanda buibui, nikachukua kikapu kitupu ili nikikutwa niseme natafuta samaki, nikateremka pwani. Sikuingia bandani. Nilisimama nyuma ya ua wa makuti, karibu na pipa, moshi unaniingia machoni. Mungu anisamehe. Sijawahi kumvizia mtu maishani mwangu, nimeanza na niliyemzaa.

Waliongea. Mchanganyiko, Kichina kingi na Kiswahili cha kubandika. Mimi na maneno yangu matatu nikawa kama kuku kwenye makapi ya mtama, nadonoa nisipate punje. Yeye alisema sana. Rukia alisema kidogo. Maji yalikuwa yakitokota pipani.

Kisha nikalisikia. Man-zo.

Ilikuwa sauti ya Rukia.

Nilishika ua, makuti yakanichoma kidoleni. Anayeondoka halisemi. Alilisema mwanangu. Basi mwanangu ndiye anayebaki! Nilirudi nyumbani mbio, kikapu kitupu, nikampita Bi Tima mlangoni kwake akaniuliza samaki wako wapi, nikamwambia wako baharini.

Rukia alirudi baada ya alasiri. Macho mekundu. Nami, kwa kuwa sikuweza kumwambia nilikokuwa, nikamuuliza, "Chi-le-ma?"

Akacheka. Halafu kile kicheko kikageuka kilio, akajilaza mapajani mwangu kama alipokuwa mdogo, na moshi wake wote na chumvi yake.

Akanieleza. Majongoo wamepungua, wazamiaji sasa wanakwenda mbali na kurudi na wachache. Bwana Majongoo anahamia Madagaska. Alitaka Rukia aende naye awe mkalimani wake na ajifunze biashara. Atampa nauli na mshahara mwema, na chumba kwa ndugu yake wa kike aliyeko huko. Picha zilikuwa za pasipoti. "Nilitaka kwenda, Mama," akasema. "Sitakudanganya. Nilitaka sana. Ndiyo maana nilijifunza methali zote zile, nisiwe mtu wa salamu tu."

"Sasa ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ile ya kisima, kwamba aliyenichimbia mimi ni wewe. Akainamisha kichwa. Alinifundisha mwenyewe, angenijibu nini?"

Nikamfuta uso kwa ncha ya leso yangu. Sikusema nenda. Sikusema baki. Nilisema, "Inuka ule, mchuzi unapoa." Hayo ndiyo niliyoyaweza, na lugha ni yangu mwenyewe niliyozaliwa nayo.

Alikula kidogo. Sasa yuko kwa Bi Tima, kapeleka sahani. Nami nimebaki na kalamu, na furaha yangu haikai sawa. Niliogopa nitaibiwa mtoto. Sasa naogopa kuwa mimi ndiye kisima, na yeye ni ndoo iliyofungwa kwenye kamba.

Na jambo jingine. Alipotoka tu niliinua mto. Nimezihesabu picha, kisha nikazihesabu tena, maana hesabu za ngumbaru si za kuamini.

Ziko tatu.

Labda kampa yule bwana iwe ukumbusho. Labda kampa aanze shughuli za pasipoti, ikiwa moyo utageuka. Labda imeanguka tu nyuma ya kitanda, na mimi ni mwanamke mwenye shuku za bure. Nimechungulia nyuma ya kitanda. Kuna kiatu kikuukuu anachochezea paka, na vumbi.

Nikimuuliza kwa Kiswahili, itabidi anijibu, na jibu litabidi nilibebe. Asubuhi nikimmiminia chai nitamwomba anifundishe neno la nne, jinsi Wachina wanavyouliza: iko wapi? Nitalisema pale pale, nikiutazama mto. Akitaka atanijibu. Akitaka atacheka nilivyolitamka, nami nitacheka naye.