Nilimpa Rafiki Yangu Dawa za Marehemu

Dada Wanjugu mpendwa, nakuandikia nikiomba unisaidie maana hata sala imenishinda, nikifumba macho namwona Goreth.

Mimi ni mjane, naishi St Marys, hapa Australia, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mume wangu alifariki mwaka jana, tukamzika watu kumi tu kwa sababu ya korona, akaacha dawa za presha za miezi mitatu, kila boksi lina jina lake, na sisi watu wa Butembo hatutupi dawa, kule nyumbani mtu anaweza kufa kwa kukosa vidonge viwili, basi nikazitia kwenye sanduku la dawa ambazo wamama wa kanisa tunakusanya, anayesafiri kwenda kwetu anabeba, lakini mipaka ikafungwa, hakuna aliyesafiri, sanduku likabaki chini ya kitanda changu.

Mwezi wa nane, tukiwa tumefungiwa majumbani kwa korona, Goreth rafiki yangu wa kanisa, anayekaa mtaa wa pili, akanipigia. "Mama Ketsia, presha iko inanisumbua, na ku-doctor niko naogopa Covid. Nipatie hata zile za marehemu." Nikampelekea boksi mbili, nikaziacha mlangoni pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikajiona nimetenda mema. Kumbe alikuwa na zake, akawa anakunywa zote. Jumatano iliyopita akaanguka jikoni, akapasuka juu ya jicho, ambulensi ikamchukua, wakasema presha imeshuka mno. Walipomuuliza dawa anazokunywa alitaja zake tu, hakunitaja ili nisipoteze kazi, na sasa amerudi nyumbani na boksi zangu bado anazo. Binti yake Divine akanipigia: "Aunty, ulimpa Mum dawa? Please, just tell me." Nikasema sijui. Dada, nilisema sijui. Nikisema kweli nitafukuzwa kazi na rafiki yangu ataonekana mwongo, nikinyamaza silali. Nifanye nini?

Mama Ketsia, St Marys

*

Mama Ketsia, tulia, majina yenu nimeyabadilisha kabla barua haijaingia gazetini. Pole kwa msiba. Kumzika mume mkiwa watu kumi ni jambo la kuumiza, na ninaelewa kwa nini mkono wako ulikataa kutupa kitu chenye jina lake. Pole hiyo naitanguliza kwa sababu yanayofuata ni kukugombeza.

Kazini huwezi kumpa mzee hata kidonge cha kichwa mpaka nesi akague chati. Nyumbani umefungua hospitali chini ya kitanda. Mimi ni nesi, nakwambia: dawa ya presha hupimiwa mtu, figo zake na dawa nyingine anazokunywa. Iliyomfaa mumeo ilimwangusha Goreth.

Naye Goreth asifikiri amekusitiri. Daktari asiyejua chanzo anaweza kumpunguzia dawa yake halali, huku yeye akiendelea na ya marehemu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu kazi, siwezi kukuahidi kwamba hutaulizwa lolote. Ila kazi ikipotea hutafutwa nyingine.

Sanduku lipeleke duka la dawa lililo karibu nawe, hata sasa tunaruhusiwa kutoka kwenda huko. Hapa Australia maduka ya dawa hupokea dawa zilizobaki na zilizoisha muda wake, bure, kisha zinateketezwa salama. Usizimwage chooni wala kwenye sinki, zitaingia kwenye maji, wala usizitie kwenye pipa la taka. Na msizipeleke Butembo mipaka ikifunguliwa. Watu wa Butembo nao wana figo. Wamama wa kanisa wachange, mgonjwa anunuliwe hukohuko dawa aliyoandikiwa na daktari wake. Karatasi yenye jina la mumeo ibandue, ukae nayo.

Lakini sanduku linaweza kungoja kesho. Barua yako ilikuwa na namba ya simu, nami sikungoja siku ya gazeti. Nimekupigia mara nne, hukushika. Sijui Goreth anakaa wapi na jina la daktari wake silijui. Anayejua ni wewe peke yako. Weka gazeti chini, mpigie Divine, mwambie azichukue zile boksi na ampigie daktari wa mama yake leo hii, amsomee majina ya dawa zote. Usianze kwa kueleza wala kwa kulia. Binti amekuuliza kama ulimpa mama yake dawa. Anza na "ndiyo".