Nyama Kwenye Mfuko wa Koti

Themi, Arusha
3 Novemba 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na yule ndama ameanza kula majani? Sisi wazima. Barua hii nampa Mama Fransiska wa nyanya akuletee, maana kwenye simu hunisikii, na jambo lenyewe siwezi kulipigia kelele.

Sijamwambia mtu yeyote: usiku ule ulipokula kwetu, nilikuona ukitia ile nyama kwenye mfuko wa koti. Na aliyeanza kucheka ni mimi.

Mama anadhani uliondoka alfajiri kwa ajili ya ndama. Hakuwepo mezani, hajui. Nilitaka Princess na Calvin wa darasani kwetu waone kwamba najua kupika steki. Nilisoma kitabu cha maktaba wiki nzima: nyama ikaushwe kwa kitambaa, itiwe chumvi, kikaango kiwe cha moto mpaka kitoe moshi, igeuzwe, kisha itulie dakika tano. Yote nilifuata. Kitabu kilisema kila mtu apewe kipande kizima, akate mwenyewe. Nikakuwekea uma na kisu. Mkono wako ulipotetemeka na nyama ikateleza hadi pajani, Calvin aliniangalia mimi kwanza. Ningenyamaza, naye angenyamaza. Nilicheka.

Nisamehe. Kipaimara changu ni Jumapili, tarehe 24. Uliahidi kuja.

Mjukuu wako,
Nice


Nduruma
14 Novemba 2024

Mjukuu wangu Nice, Msomi wetu,

Marahaba. Mguu upo, unalalamika tu mvua ikikaribia. Ndama anakula majani, na juzi amekula kofia yangu. Msalimie mama yako. Nimechelewa kujibu kwa sababu mkono huu siku hizi unaandika unavyotaka wenyewe.

Kuhusu nyama, usijitese. Ilikuwa tamu, mbwa ni shahidi wangu. Koti limefuliwa. Zamani mzee hakupewa pande zima la nyama kama simba. Mdogo alishika kisu, akakata vipande vidogo kukingama na nyuzi za nyama, mkubwa akapokea. Ninyi wa mjini hamkufundishwa, si kosa lenu.

Ila Jumapili hiyo sitakuja. Kwenye sherehe kuna sahani, na uma, na macho ya watu. Nitakuombea nikiwa hapa hapa.

Babu yako,
Sylvanus


Nduruma, nyumbani kwako
Jumamosi, 23 Novemba 2024

Babu,

Shikamoo. Nimefika saa nne. Jirani yako Lesian amesema umeenda kumwagilia vitunguu na utarudi mchana, kwa hiyo naandika mezani kwako.

Sikujibu mapema kwa sababu ulinipa udhuru ambao si wangu. Umesema hatukufundishwa. Mimi nilifundishwa. Krismasi zote hapa uani mimi ndiye niliyekukatia nyama, nawe ulikuwa ukiniambia, "Nyembamba zaidi, Msomi, meno yangu yapo likizo." Siku ile nilijua kabisa. Niliona aibu kukukatia mbele ya Princess, asije akaona kwetu hatujui kula mezani. Jumatatu yake aliniuliza, "Kwani kwa nini hukumkatia babu yako? Mimi wa kwetu namkatia kila siku." Nilijifanya natafuta daftari.

Jana nimemweleza Mama yote. Hakunigombeza. Alitoa nyama kwenye friji, akaniwekea kwenye mfuko, akasema, "Nenda wewe. Mimi sihusiki."

Basi leo nimefanya hivi. Nimewasha jiko lako la mkaa. Nimeikausha nyama kwa kitambaa, nimetia chumvi, nimesubiri kikaango kitoe moshi, nimekaanga. Ndama amejaribu kunila sketi. Nyama nimeiacha itulie, kisha nimeikata kukingama na nyuzi, nyembamba, kama za Krismasi. Imo kwenye hotpoti, kando ya barua hii. Uma sikuleta.

Kesho kiti chako kitakuwa karibu na changu, na kisu nitashika mimi, Princess na Calvin na kanisa zima wakiangalia. Ukikataa sitakulazimisha, lakini kiti sitampa mtu mwingine.

Nimenawa mikono. Nimekaa mlangoni, nakusubiri.

Mjukuu wako,
Nice